Tetemeko la Kabla ya Mvua

Mama Povu alikuwa dobi, na dobi hana adui mkubwa kuliko maji ya chumvi. Kisima cha mtaa wao kilitoa maji mengi sana, lakini ukisugua sabuni ndani yake unachoka wewe, sabuni haichoki, na povu hulioni. Shati jeupe likifuliwa humo mara tatu linapata rangi ya meno ya mvuta sigara. Ndiyo maana mama huyu aliishi kwa kutegemea mvua, na kwa ajili ya mvua alikuwa na mapipa manne ya chuma aliyoyapenda kuliko makochi ya sebuleni.

Tatizo lilikuwa mahali pa kuyaweka. Nyumba waliyokaa ilitolewa na kazi ya mumewe, nyumba ndefu ya mabati yenye mfereji mmoja tu mzima wa paa, na mfereji huo ulimwaga maji upande wa nyuma, ubavuni kabisa mwa kibanda cha mawe kilichozama nusu ardhini. Kibanda kilikuwa na kufuli, na mlangoni pameandikwa kwa rangi nyekundu USIKARIBIE. Ndani yake mlikuwa na mtambo wa kupima matetemeko ya ardhi: silinda iliyovishwa karatasi, ikizunguka polepole mchana na usiku, na sindano iliyochora juu yake mstari mwembamba. Ardhi ikitikisika, sindano inacheza. Ardhi ikitulia, mstari unakwenda tu mpaka unatia usingizi.

Mumewe ndiye aliyeutunza mtambo huo, na mtaa mzima ulimwita Bwana Sindano. Mchana alikuwa katika ofisi ya hali ya hewa, mjini, akipima joto na upepo. Asubuhi kabla hajaondoka na jioni akirudi alifungua kibanda, akabadilisha karatasi, akafuta vumbi na kuusalimia mtambo. Ndiyo, aliusalimia, na kwa sauti. Mkewe alikuwa amepigwa marufuku kuacha pipa, beseni au hata ndala karibu na mlango ule, kwa hiyo mapipa yalikaa ng'ambo ya ua, ukutani kwa jiko. Mawingu yakijikusanya, Mama Povu aliyalaza chini na kuyabingirisha moja moja mpaka chini ya mfereji, juu ya sakafu ya zege iliyopasukapasuka, kazi ya fundi ambaye bila shaka alikuwa na haraka ya kwenda kwingine. Mvua ikiisha anachota, anajaza madumu, kisha anayarudisha mapipa kwao kabla bwana hajatia mguu getini.

Umeshaelewa mambo yanakoelekea. Hongera, maana Bwana Sindano, mtu wa vipimo, hakuelewa kwa mwaka mzima. Alijua mkewe ana maji ya mvua kama unavyojua nyumbani kwako kuna chumvi. Hukai ukajiuliza imefikaje mezani. Alichokiona yeye ni karatasi. Na kwenye karatasi, kila siku ya mvua, muda mfupi kabla tone la kwanza halijadondoka, ardhi ilitikisika mara nne. Mvua ikishapita, ilitikisika tena mara nne.

Mwanzoni alidhani ni bahati tu. Baadaye akaanza kulinganisha na vipimo vya mvua, halafu na kanieneo ya hewa, na kadiri alivyolinganisha ndivyo kichwa kilivyozidi kumchemka. Akaunda nadharia. Hewa inapokaribia kuleta mvua hupungua uzito, alisema, na ardhi iliyokuwa imebanwa hujinyoosha kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mvua ikishanyesha, ardhi hujikunja tena na kulala. Hata siku za mapumziko hazikumpiga chenga. Siku hizo mvua ilinyesha na ardhi ikakaa kimya kabisa, naye akaamua ni kwa sababu malori na viwanda vimelala, hivyo ardhi haina uchovu wa kujinyoosha. Ukweli ni kwamba siku za mapumziko yeye mwenyewe alilala mchana, na mkewe, kwa kutotaka kumwamsha, alikinga maji kwa ndoo na mabeseni, akinyata.

Usimcheke sana. Mwaka ule ulikuwa wake wa mwisho kazini. Maisha yake yote wakubwa walikuwa wamemwomba tarakimu na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza anafikiri nini. Alitaka aondoke na kitu kimoja kilichotoka kichwani mwake, basi. Hilo mkewe alilijua vizuri, ndiyo maana yaliyofuata yalimtesa.

Jioni moja alikuja na karatasi ya jana yake, akasogeza sahani na kuitandaza mezani. Mkewe akainama kutazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama picha za harusi ya watu asiowajua. Bwana Sindano akamwonyesha kwa kidole mitikisiko minne. Huu wa kwanza, huu wa pili. Huu wa tatu, alisema, una vituko, kwa sababu unakwenda, unasita, halafu baada ya kimya kidogo kinatokea kimchomo kimoja, peke yake, kikali.

"Hiki kidogo ndicho kinachonikosesha usingizi, mama," alisema. "Nafikiri ni mwangwi kutoka chini sana."

Mama Povu alikijua kimchomo hicho. Pipa la tatu liliwahi kugongwa na mkokoteni wa muuza mkaa, na tangu hapo lilikuwa na bonde ubavuni. Kila likifika kwenye ufa mkubwa wa zege lilikwama, na kila likikwama yeye alisimama, akalitukana, akalipiga teke. Mwangwi kutoka chini sana ulikuwa teke lake. Alitazama karatasi ile toka mwanzo hadi mwisho na akajiona mwenyewe yuko pale, hatua kwa hatua, pamoja na hasira zake.

Akaenda jikoni kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kesho yake alimweleza jirani yake, mshonaji, mwanamke mwenye kawaida ya kushika pini mdomoni, na kwa kicheko alichokitoa ni ajabu hakumeza hata moja. Alipopata pumzi alitoa ushauri: amwambie mumewe leo leo, kabla habari hazijafika redioni. Mama Povu akajipiga moyo konde. Akamngoja getini. Lakini mzee alirudi akiimba, amenunua kalamu mpya kwa ajili ya kuandika nadharia yake, akamshika mkewe mkono na kumwambia ardhi ilikuwa inasubiri mtu wa kuisikiliza. Sasa mtu anaanzia wapi hapo? Akajaribu kesho yake, na kesho kutwa. Kila akifungua mdomo, mzee alidhani anaulizwa swali na akajibu kwa furaha.

Basi akatafuta njia nyingine. Kama hawezi kuiua nadharia, ataiacha ife yenyewe. Akaacha kuyabingirisha mapipa. Mvua ikija alikinga kwa ndoo na mabeseni, anakimbia huku na huku kama mpishi mwenye wageni wengi, maji mengi yanampita, mgongo unamuuma. Ikabidi achanganye na ya kisima. Wauguzi wa hospitali, wateja wake wakubwa, wakaanza kulalamika kwamba gauni zao nyeupe zinarudi na rangi ya uji. Alivumilia. Alihesabu kwamba mzee ataona kimya, atachoka, atarudia vipimo vyake vya joto na mambo yataisha bila mtu kuaibika.

Mvua ya kwanza ilipopita bila mtikisiko, Bwana Sindano alifungua mtambo na kusafisha kila kitu. Ya pili, akabadilisha betri. Ya tatu, hakufanya kitu. Alikaa mezani, akagusa chakula mara mbili na kuisogeza sahani. Ikawa hivyo siku baada ya siku, mpaka mkanda wake ukahitaji tundu jipya, na mkewe ndiye aliyelitoboa kwa msumari.

"Nafikiri hakukuwa na kitu," alimwambia jioni moja. "Nilitaka sana kiwepo, nikakiona. Uzee huo."

Hapo ndipo nadharia ilipokufa, kama mama alivyokusudia. Lengo lake lilikuwa limetimia. Angeweza kushukuru na kwenda kulala. Lakini sahani ilirudi jikoni imejaa, naye akasimama nayo mkononi, akaona moyo wake unamwuma kuliko mgongo. Wingu lililofuata halikumkuta na ndoo. Aliyalaza mapipa yote manne na kuyabingirisha kwa nguvu zake zote, na lile la tatu lilipokwama alilipiga teke kali hivi kwamba, kama pipa lingekuwa na masikio, lingeomba radhi.

Jioni ile mzee alikula sahani mbili. Wiki hiyo hiyo akaandikia makao makuu.

Baada ya hapo Mama Povu alipoteza kiasi, na mimi simlaumu. Mtu akishagundua kwamba anaweza kumfurahisha mumewe kwa kusukuma pipa, atasukuma. Alianza kuzirukia hata mvua za uongo. Siku ya kumbukumbu ya ndoa yao palikuwa na manyunyu tu, ya kulowesha kamba, naye akamtolea mapipa yote manne, kwenda na kurudi. Mzee akasema hajawahi kuona ardhi yenye uchangamfu kiasi kile. Mshonaji, aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta, alimwonya kwamba anacheza na moto. Mama Povu alijibu kuwa anacheza na mapipa, na kwamba mume wake amenenepa.

Halafu jibu la makao makuu likaja, na jibu lenyewe lilikuwa mtu. Mtaalamu wa matetemeko, mwanamke mwenye buti za porini na sauti ya upole, alishuka kwenye gari siku ambayo mawingu yalikuwa yakipanda tangu saa sita. Bwana Sindano alimpokea akiwa amevaa tai. Mkewe alivaa gauni lake la kwendea harusi na viatu vyenye kisigino, kwa sababu mzee alikuwa ameweka vigoda vitatu ndani ya kibanda, si viwili. Alisema safari hii anataka mkewe naye alione tetemeko. Miaka yote amemvumilia na mtambo huu, alimwambia mgeni, na hajawahi hata mara moja kuona sindano ikicheza.

Wakakaa. Mtaalamu alisikiliza nadharia yote bila kukatiza, kisha akaeleza kwa heshima kwamba matetemeko huanzia mbali sana chini, kwenye miamba inayosukumana, na huko chini habari za wingu hazifiki kirahisi. Wapo wanaochunguza kama uzito wa mvua kubwa unaweza kuigusa miamba iliyokwisha kuwa tayari kuteleza, alisema, na yeye hataki kumkatalia mtu jambo ambalo hajaliona kwa macho yake. Ila matetemeko manne yanayofuatana kama wageni wanaobisha hodi, hayo yalimshinda, ndiyo maana amekuja. Bwana Sindano alitikisa kichwa kwa furaha. Alikuwa ameambiwa kwa adabu kwamba amekosea, lakini alikuwa ameulizwa anafikiri nini, na hilo lilimtosha kwa saa ile.

Kupitia mlangoni Mama Povu aliona kivuli kinaufunika ua. Akasema anakwenda kuandaa chai.

"Kaa kwanza, mama," mumewe alisema, akamgusa mkono. "Linakaribia. Usije ukalikosa."

Mama akasema mgeni hawezi kukaa na koo kavu, watu watawaonaje, na akatoka kabla hajajibiwa, akaufunga mlango mzito nyuma yake, eti upepo usiisumbue sindano. Alikwenda polepole mpaka pembeni ya nyumba. Kutoka hapo alikimbia. Pipa la kwanza, la pili. Kiatu kimoja kikabaki kwenye ufa. La tatu likakwama palepale linapokwama siku zote, naye akalipiga teke kwa mguu usio na kiatu, akauma meno asipige kelele. La nne akalisukuma akichechemea. Alipomaliza ndipo akakumbuka chai. Moto haukuwa umewashwa. Akamimina maji baridi kwenye birika, akatupia majani, akachukua vikombe na kurudi akiwa ameinua kichwa kama mtu aliyetoka jikoni kweli.

Alimkuta mumewe amesimama, tai imehamia begani, macho yamejaa machozi.

"Umelikosa," alimwambia, na sauti ilikuwa ya huzuni ya kweli. "Mama, umelikosa tena. Kila likija, wewe hupo."

Mtaalamu alikuwa ameinamia sindano. Aliposikia maneno hayo aliinua kichwa na kumtazama mama mwenye nyumba. Alitazama mikono yenye kutu mpaka kwenye viwiko, gauni la harusi lenye duara la hudhurungi tumboni, na miguu miwili iliyovaa kiatu kimoja. Alipokea kikombe, akanywa maji baridi yenye majani yanayoelea, akashukuru.

"Sasa tungoje mvua, mzee," alisema.

Wakangoja. Bwana Sindano alieleza kwamba kwa kawaida haichukui muda. Upepo ukavuma, wakautegea masikio. Mama Povu, ambaye maisha yake yote aliitaka mvua kwa ajili ya povu, safari hii aliitaka kwa ajili ya mtu. Aliiomba kimyakimya, akaiahidi kwamba hatairushia lawama tena hata ikimlowesha nguo kavu kambani. Lakini upepo ule ule ndio ulioliondoa wingu. Mwanga ukaanza kuingia mlangoni, kwanza kidogo, halafu jua lenyewe likakaa katikati ya sakafu, mbele ya watu watatu waliokuwa wakitazama viatu vyao.

Mzee akasema pengine mvua imechelewa tu. Akatoka kwenda kuangalia mbingu, na nyuma ya kibanda, mahali alipopiga marufuku hata ndala, akayakuta mapipa manne yamejipanga chini ya mfereji, makavu, yanawaka jua.

Aliyatazama muda mrefu. Akatazama zege lililopasuka, na kiatu chenye kisigino kilichosimama kwenye ufa. Kisha akaliegemea pipa la tatu, lile lenye bonde, akalilaza na kulibingirisha hatua mbili.

"Mzee, imecheza," mtaalamu alisema kutoka ndani.

Akalisukuma tena.

"Tena."

Bwana Sindano akakaa juu ya pipa. Mkewe alikuwa ameshatoka, amesimama mbele yake, mikono haijui pa kwenda.

"Ulijua lini?"

"Jioni ile uliyoleta karatasi mezani."

"Na zile siku mitikisiko ilipokoma?"

"Niliacha mimi. Nilitumia ndoo."

"Kisha ukaanza tena." Alikuwa akiuliza kama anavyouliza kazini, bila hasira, anatafuta tarakimu iliyopotea. "Ulijua si kitu, na ukaanza tena. Kwa nini?"

"Ulikuwa huli, baba," mama alisema.

Mzee alikuwa na aibu, aibu kubwa, ya kuumbuka mbele ya mgeni aliyesafiri kutwa nzima kuja kuona mapipa. Ilimwuma na hakuificha. Alivua tai akaitia mfukoni. Lakini alipomtazama mkewe, dobi mwenye gauni lililoharibika, anajipangusa macho kwa mkono wenye kutu na kuzidi kujichafua, alijikuta anacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa karibu sana na kilio. Mama naye akacheka, kwa woga kwanza, halafu kwa nguvu, na ng'ambo ya ukuta mshonaji, aliyekuwa amebanwa na kicheko muda wote huo, akaona sasa ni ruhusa.

Mtaalamu alitoka na faili lake. Alisema amekagua mitambo mingi na hajaona uliotunzwa vizuri kuliko huu. Mingine haihisi hata lori. Kisha akashusha sauti. Lazima apeleke taarifa makao makuu, na kwa kuwa mzee anastaafu mwaka huu, anaweza kuandika kwa ufupi kwamba mtambo ulikuwa na hitilafu. Hakuna atakayeuliza zaidi.

Bwana Sindano aliinuka kwenye pipa. Mama Povu alimwona akifikiri, na alimwombea akubali.

"Hapana," mzee alisema. "Mtambo hauna kosa. Mwaka mzima umekuwa ukiniambia kwamba mke wangu yuko nje anafanya kazi. Mimi ndiye niliyesoma vibaya. Andika hivyo."

Mtaalamu aliandika hivyo hivyo, neno kwa neno, akilitegemeza faili juu ya pipa. Mama Povu aligeukia upande wa pili, akasema anakwenda kuwasha moto ili mgeni apate chai ya kweli.